Pampu ya uwanja yaungua kila mara, je niweke sensa?

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi nasimamia uwanja wa klabu hapa Mombasa, upande wa Nyali, si mbali na bahari. Tuna nyasi za kweli, nguzo nne za taa na kisima chenye pampu ya kuzama ya fezi tatu. Pampu ishaungua mara mbili na kila mara tunajua wakati nyasi zishaanza kuwa manjano. Kuna mtu ametuletea kotesheni ya sensa 40 za intaneti, anasema kila kitu kitakuwa kinajiripoti kwa simu kabla hakijaharibika. Kamati yaniuliza mimi, tununue?

JIBU: Waaleikum salaam dada. Msinunue 40. Nunueni chache, na za kwanza zote ziende kwa pampu, manake hapo ndipo pesa zenu zinapopotea na hapo ndipo sensa inafanya kazi ya maana kweli.

Lakini kabla ya sensa, mwambie fundi wenu wa stima afungue lile boksi la stata, linalowasha na kuzima pampu, aangalie kama ndani kuna relei ya kulinda fezi, yani swichi inayokata stima yenyewe fezi ikiwa na shida. Fezi moja ikipotea mota haizimi, yaendelea kuzunguka kwa zile mbili zilobaki, ampea, yani kiasi cha stima inayopita kwa waya, zinapanda, koili zinachemka na dakika chache tu mota imekwenda. Sensa inayotuma data kila dakika 15 haikusaidii hapo, meseji itafika mota ishaungua. Kwa hivyo shida za ghafla ni kazi ya relei, inakata yenyewe kwa sekunde bila kuuliza intaneti wala mtu. Sensa ni ya zile shida zinazokuja polepole, wiki kwa wiki, ambazo jicho halizioni. Mtu akikuuzia sensa kama ulinzi wa mota hajakueleza ukweli wote.

Sasa, pampu yenu iko chini ya kisima, huwezi kuigusa wala kuisikiliza, na sensa ya mtikisiko huwezi kuifunga kule chini kirahisi. Ile ya mtikisiko ni nzuri kwa pampu za juu, kama mko na pampu ya kusukuma maji kutoka tangi, hapo ndio: kwa mota ndogo chini ya 15 kW, mtikisiko ukipita milimita 4.5 kwa sekunde usingoje, na ukianza kupanda kutoka 1 kwenda 2 ujue beringi zaanza kuzungumza hata kama bado haipigi kelele. Joto usilitegemee peke yake, beringi ikianza kuwa moto mara nyingi umeshachelewa.

Kwa ile ya kisimani jicho lako ni ampea. Unafunga sensa ya kubana waya kwa kila fezi, tatu, hapo hapo kwenye boksi la stata, hakuna kukata waya. Na data yake yasema mengi kuliko watu wanavyofikiria. Tuseme pampu ni ya 5.5 kW, kwa 415 V itakula kama ampea 12 hivi. Ikipanda taratibu mwezi kwa mwezi, kuna kitu chakwama, mchanga au beringi. Ikishuka chini ya robo tatu ya kawaida yake, maji yamepungua kisimani na pampu yaanza kuvuta hewa, na hio huua mota ya kuzama kwa sababu yapozwa na hayo hayo maji. Alafu angalia fezi kati yao: zikisoma 12, 11 na 13, wastani ni 12, tofauti kubwa ni 1, yani asilimia 8, na watengenezaji wengi wa mota za kuzama wanataka isipite 5. Hapo fundi azime stima kabisa, asogeze waya zote tatu hatua moja kwa mpangilio ule ule ili mota isigeuke upande, kisha apime tena. Ile ampea kubwa ikibaki upande wa stima, shida yatoka nje, pigia simu kampuni ya stima. Ikihama na waya wa mota, shida iko chini, mota au kebo, na mna muda wa kuivuta juu kwa mpango, si siku ya mechi.

Sensa ya nne, na hii najua haimo kwenye ile kotesheni lakini kwa Nyali ningeiweka kabla ya nyengine nyingi, ni ya kupima chumvi ya maji ya kisima. Huku pwani tumekaa juu ya mwamba wa matumbawe, maji ya bahari yapita ndani yake, na ukivuta sana kisima chumvi yapanda kutoka chini. Kipimo ni maikrosimensi kwa sentimita, bahari yasoma kama 50,000, na mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unasema maji ya kumwagilia yakipita 3,000 yana matatizo makubwa. Nyasi zenu kuwa manjano huenda si pampu peke yake, dada, huenda hata pampu ikifanya kazi mnazimwagia chumvi. Utaiona yapanda na kushuka na maji ya bahari, bamvua zaidi, na ukishaijua hio unapanga saa za kuvuta maji. Hakikisha kipimo charekebishwa kiwe sawa na cha maji ya joto la nyuzi 25, na sensa isafishwe maana maji yetu ni magumu, huacha ukoko mweupe unaodanganya kipimo.

Taa ni rahisi. Sensa moja ya ampea kwa kila nguzo, basi. Kama nguzo ina taa sita za LED za wati 1,000, itasoma kama ampea 25, siku ikisoma 21 ujue moja imekufa na unajua nguzo gani bila mtu kupanda. Lakini kutu pale chini nguzo inapoingia kwa saruji usitafutie sensa. Mtu aende na nyundo na brashi ya waya kila baada ya mvua, na nguzo ikionekana imeliwa watu wasikae karibu nayo mpaka injinia aione. Hio ni roho za watoto wanaocheza hapo.

Jengine ni hewa yetu. Chumvi na unyevu huua sensa kabla haijaua mashine, nimeona vifaa vizuri vyaoza kwa sababu boksi lilikuwa la ndani ya nyumba. Dai boksi la IP67, yani lisiloingiza vumbi wala maji, waya ziingilie kwa chini, kile kibao cha umeme cha ndani ya sensa kipakwe vanishi yake, na skrubu na vibano viwe stenlesi ya 316, si 304. Kwa mawasiliano tumia LoRa, redio ya kufika mbali kwa stima kidogo, masafa ya 868 MHz, geitwei moja, yani kipokezi cha kupeleka data kwa intaneti, juu ya paa la klabu yatosha uwanja mzima, na betri hukaa miaka. Wifi yamaliza betri upesi na uwanja ukijaa watu yasumbua.

Zikishafungwa, msiweke alati yoyote kwa wiki 4 za kwanza, acha zirekodi tu mpate bamvua mara mbili mjue kawaida yenu ni ipi. Mkiweka alati kwa kukisia simu italia kila usiku na baada ya muda hakuna atakayeitazama. Na alati iende kwa mtu mmoja mwenye jina na ruhusa ya kuzima pampu, si kwa grupu la kamati.

Huyo muuzaji muulizeni mawili kwa maandishi. Kila mwezi mtalipa nini baada ya mwaka wa kwanza, na mkiacha kulipa, data yote ya zamani mtaipata kwa faili la kawaida? La pili akilizunguka, chukueni kotesheni kwa mwengine. Na nitumie picha ya kile kibati cha mota pamoja na kina cha kisima, nikuambie hizo ampea za kengele ziwe ngapi kwa pampu yenu hasa.