Texas Frightmare na watu wa nyumbani: chagueni foleni mbili tu

Wanaokwenda Texas Frightmare Weekend na familia kwa mara ya kwanza huandaa roho zao kwa ajili ya damu na vinyago, kisha wanashindwa na foleni, miguu na pochi. Tamasha hili la wapenzi wa filamu za kutisha lilianza mwaka 2006, na siku hizi hufanyika Irving, ubavuni mwa Dallas, kwenye ukumbi wa mikutano wa Irving Convention Center, eneo la Las Colinas. Ni siku tatu, Ijumaa jioni hadi Jumapili, kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni kutegemea mwaka. Waswahili wa Dallas na Fort Worth wako jirani, wa Houston wanafika kwa gari, na anayeshukia uwanja wa ndege wa DFW anaweza kupanda treni ya DART, laini ya Orange, ambayo ina kituo chenye jina la ukumbi huo huo.

Kabla ya kununua tiketi, kila mtu aulizwe: wewe unamfuata nani? Mmoja anataka saini ya mwigizaji fulani, mwingine anataka kununua kinyago, binamu anataka kupiga picha na watu waliovaa kama wahusika wa filamu, na shangazi anakuja kwa sababu nyote mnakuja. Andikeni majibu, kisha kila mtu achague foleni mbili kwa siku. Foleni ya mwigizaji anayependwa inaweza kula saa moja na nusu Jumamosi mchana, wakati mwingine mbili, na mwigizaji naye huondoka mezani kula au kupanda jukwaani. Anayepanga foleni tano hupata moja na ugomvi wa njiani. Wekeni pia jina la akiba, kwa sababu waigizaji walioalikwa hughairi hata wiki yenyewe ya tamasha wakiitwa kwenye kazi ya kurekodi, na tiketi ya mlangoni kwa kawaida hairudishiwi pesa kwa ajili ya mgeni mmoja kukosekana.

Halafu kuna suala la saa, ambalo kwetu ni balaa la aina yake. Ratiba imeandikwa Kizungu, kikundi cha WhatsApp kinaandikwa Kiswahili. Mtu akiandika "picha ni saa nne", nusu ya ukoo itaelewa asubuhi na nusu itaelewa alasiri, na picha iliyolipiwa haimsubiri mtu. Kubalianeni mapema kwamba kila saa itaandikwa kwa tarakimu kama ilivyo kwenye ratiba, yaani 4:00 PM, hata kama mnazungumza Kiswahili. Na msitegemee simu sana: Jumamosi mchana mtandao ndani ya ukumbi hulemewa. Chagueni mahali pa kukutania pasipohama, kama mlango fulani au ngazi fulani, na nyakati mbili za kukutana kwa siku. Meza ya mchuuzi haifai, maana mtu huikumbuka kwa kinyago ambacho tayari kimeshauzwa.

Pesa. Kila mwigizaji hujipangia bei, nayo huandikwa kwenye karatasi mezani. Wa daraja la kati hutoza dola 40 hadi 60 kwa saini. Wenye majina makubwa huanzia 80 na kupanda. Kwa kawaida bei hiyo ina picha ya inchi 8 kwa 10 utakayoichagua pale mezani. Selfi ni malipo mengine, ingawa wengi hupunguza ukichukua vyote viwili. Usimpige picha mwigizaji aliyekaa mezani kwa kuibia. Msaidizi wake ana macho. Familia ya watu wanne, kila mmoja saini moja ya dola 50 na wote picha moja rasmi ya dola 80, ni dola 280 kabla ya tiketi, maegesho na chakula. Fanyeni hesabu hiyo mezani nyumbani.

Meza nyingi hupenda noti kuliko kadi. Mashine za kutolea pesa za ukumbini hutoza ada, na zinaweza kuishiwa. Toeni pesa Alhamisi, noti za 20 kwa wingi na chache za 10 na 5, kwa kuwa asubuhi chenji huwa haba. Kila mtu apewe bahasha yake yenye jina. Bahasha ikiisha, mwenyewe amemaliza, na hakuna kukopeshana mbele ya meza ya vinyago.

Picha rasmi ni kitu tofauti na selfi. Hununuliwa mapema kwa saa maalumu na hupigwa na mpiga picha wa tamasha nyuma ya pazia. Mara nyingi bei ni ya picha, haihesabu vichwa, hivyo watu kadhaa huingia kwa tiketi moja. Someni idadi inayoruhusiwa kabla ya kulipa. Ukifika mbele una sekunde kumi hivi. Nani asimame wapi liamuliwe kwenye foleni, miwani inayong'aa ivuliwe, mikoba ishushwe. Saini haimo ndani ya bei hiyo.

Mwigizaji anapotaka kuandika jina lako, hajui "Mwanaisha" au "Ng'endo" yanaandikwaje, na ukumbi una kelele. Liandike kwa herufi kubwa kwenye stika ndogo ya karatasi na uibandike juu ya kitu unachotaka kisainiwe. Kwenye picha yenye sehemu nyeupe, kalamu ya bluu ya wino usiofutika, kama Sharpie, huonekana vizuri. Kwenye bango jeusi au kava la diski, beba kalamu ya rangi ya fedha: itikise, bonyeza ncha yake kwenye karatasi chakavu hadi rangi ishuke, ndipo umpe. Rangi hiyo hukauka polepole. Ukiisukuma picha ndani ya plastiki papo hapo, saini huhamia kwenye plastiki. Ipe dakika kumi, kisha itie ndani ya kava gumu la ukubwa wa 8 kwa 10, maana bahasha laini haivumilii msongamano wa Jumamosi. Kinyago cha lateksi, yaani mpira laini, kisainiwe mahali pasipokunjika. Shingoni rangi hupasuka.

Sasa kuvaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya vipodozi vya kutisha yameandikwa kwa ngozi ya Mzungu. Vidonda vya kubandika vya madukani vingi vina rangi ya waridi. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama plasta. Afadhali utengeneze chako kwa lateksi ya maji na karatasi ya tishu. Siku moja kabla, paka tone ndani ya kiwiko uone kama ngozi inawasha. Mwenye mzio wa lateksi asijaribu kabisa. Nyusi na vinyweleo vya mbele ya masikio vipakwe vaselini nzito, la sivyo vitang'oka pamoja na kidonda. Tenganisha tishu ibaki tabaka moja, ichane kwa mkono ili kingo ziwe na nyuzi, paka lateksi nyembamba kwa sponji, bandika tishu, paka lateksi tena juu yake. Kausha kwa hewa baridi ya drayer ya nywele dakika mbili tatu. Rudia mara tatu. Watu huharakisha tabaka la pili kabla ya la kwanza kukauka, na saa sita mchana kidonda kizima kinaning'inia shavuni.

Kikishakauka, inua katikati kwa kibano na uchane kwa vidole. Lateksi kavu huacha utando wa kung'aa wenye unjano hafifu, kwa hiyo paka kingo zake zote rangi ya msingi inayolingana na uso wako, kisha poda. Ndani ya shimo anza na zambarau iliyokolea, nyekundu katikati, nyeusi pembeni. Ukitaka sura ya maiti, usijipake kijivu uso mzima. Utaonekana umemwagikiwa unga. Tumia kijani cheusi na zambarau chini ya macho na mashavuni, na kijivu kidogo kwenye mifupa inayotokeza tu.

Damu ya nyumbani: nusu kikombe cha siropu ya mahindi, kijiko kimoja cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, matone mawili ya bluu, na nusu kijiko cha chai cha kakao. Kakao ndiyo siri, kwa sababu siropu peke yake inapitisha mwanga, na juu ya ngozi nyeusi hupotea. Lakini damu hii haikauki. Itumie kwa picha za nje, wala usiingie nayo kwenye ukumbi wenye mazulia na nguo za watu. Kwa ndani nunua ile inayokauka.

Zana za mkononi ziwe za povu, mpira au plastiki. Panga la kweli halipiti hata likiwa butu, na chenso (msumeno wa injini) ivuliwe mnyororo na kuondolewa mafuta, tena baada ya kusoma sheria za mlangoni. Kinyago kivaliwe ukifika. Kuendesha gari barabara kuu ya Texas ukiwa na uso wa muuaji, au kushuka kituo cha mafuta na shoka la povu begani, ni kujitafutia maelezo ya kumpa polisi. Joto la nje nalo linaweza kupita nyuzi 30, wakati ndani kuna baridi ya viyoyozi. Vua kinyago kila baada ya dakika ishirini na unywe maji.

Watoto. Kabla ya kumpeleka mtoto, chuchumaa mlangoni uone anachokiona yeye. Wachuuzi huweka vichwa vilivyokatwa na mikono ya mpira kwenye safu ya chini ya meza, sawasawa na uso wa mtoto wa miaka minne aliyeko kwenye kigari. Chini ya miaka sita, kwa maoni yangu, abaki nyumbani. Aliyekuja, mpige picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, na umwandikie namba yako kwenye utepe wa mkononi. Akimwogopa mtu aliyevaa, usimsukume "akazoee". Mwombe mvaaji avue kinyago mbele yake. Wengi hufanya hivyo kwa furaha. Wenye vigari waende Jumapili asubuhi, maana Jumamosi vijia havipitiki.

Mama aliyekuja kutembea kutoka Tanga au Mombasa anaweza kusema mambo ya majini hayachezewi. Msibishane naye. Mpeni upande wa tamasha wenye viti: mazungumzo ya waigizaji jukwaani, ambayo kwa kawaida yamo ndani ya tiketi, ambapo utasikia jinsi damu ilivyotengenezwa na nani aliteguka mguu. Fikeni dakika 25 kabla, viti vya mbele huisha. Akichoka, hoteli ya Westin iko jirani na ukumbi, na ng'ambo kuna eneo la burudani la Toyota Music Factory lenye migahawa mingi kuliko kaunta za ndani. Chapati za kukunja kwenye gari pia hazijawahi kumwangusha mtu. Kwa wanaoswali, Adhuhuri ya Dallas mwezi Mei huingia karibu 1:25 mchana, wakati foleni zimefura. Msipange picha rasmi kati ya 1:00 na 2:00.

Vinyago na mabango yaachwe hadi Jumapili alasiri, isipokuwa kitu kiko kimoja tu. Ijumaa tembea, uliza bei, piga picha ya kadi ya mchuuzi na namba ya meza. Jumapili saa mbili za mwisho, mwenye sanamu la kilo 15 anaanza kufikiria safari ya kulirudisha garini, na hapo lugha yake hulainika. Chukua vitu viwili au vitatu, taja bei moja ya jumla, onyesha noti. Mwachieni shangazi aseme naye. Aliyezoea Kariakoo hatashindwa na mtu anayefunga virago.