Squid inakatika katikati ya make, na ikimaliza inagoma kuwaka

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina seva ya Debian, RAM giga 1 tu. Nimeshusha soso kodi ya Squid (ile programu ya proksi) nikapiga ./configure halafu make -j4 ya kuikompaili, ikaenda weee mwisho ikakata, inasema cc1plus imeuliwa. Nilipoondoa ile -j4 ikamaliza, ila nikiiwasha inalalamika haiwezi kuandika access.log, na mistari yangu ya ssl_bump (ya kufungua na kukagua trafiki ya HTTPS) inasema haiitambui. Nakosea wapi?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapo una matatizo matatu ambayo hayana undugu wowote, yamekukuta siku moja tu ndo maana yanakuchanganya.

Hiyo cc1plus ni kompaila yenyewe ya C++, na aliyeiua ni kernel, yaani kiini cha Linux, baada ya RAM kuisha, ukipiga dmesg utaikuta imeandikwa. Squid ni C++ nzito, faili moja tu linaweza kula mamia ya megabaiti wakati wa kukompaili, sasa we umeziambia nne ziende kwa mpigo kwenye giga 1, zitaenea wapi? Kuondoa -j4 ulifanya sawa, ila nakushauri uongeze na swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya giga 2 hivi: fallocate -l 2G /swapfile, chmod 600, mkswap, swapon, basi. Na make ikikatika usianze upya, irudie tu itaendelea pale ilipoishia.

La ssl_bump ndo lenyewe hasa, na halitibiki kwenye squid.conf hata ukeshe nalo. Ulipiga ./configure tupu, na Squid haiingizi OpenSSL, laibrari ya usimbaji ambayo ssl_bump inaitegemea, mpaka uiombe. Yaani hiyo programu uliyonayo haina kabisa huo uwezo ndani yake, sio kwamba umeuzima. Piga /usr/local/squid/sbin/squid -v uone opsheni ilizojengewa, hutaikuta. Kwa hiyo weka libssl-dev kwanza, kisha make distclean ili mabaki ya mwanzo yaondoke (watu wengi wanairuka hii halafu wanashangaa kwa nini mabadiliko hayaonekani), halafu

./configure --with-openssl --enable-ssl-crtd

na ikigoma usisome mstari wa mwisho wa kwenye skrini peke yake, fungua config.log utafute ile laibrari iliyokosekana, mara nyingi unayo laibrari yenyewe ila huna ile pakeji yake ya -dev (yenye faili za kukompailia). Kompaili kama yuza wa kawaida, sudo iingie kwenye make install tu.

Kuhusu access.log, hiyo ni ruhusa tu. Ukiweka kutoka soso kila kitu kinaingia /usr/local/squid na mwenye mali ni root, lakini Squid ikishawaka inavua uroot inakuwa yuza nobody, sasa nobody hana ruhusa ya kuandika kwenye var/logs. Debian ina yuza anaitwa proxy tayari, mtumie huyo: kwenye squid.conf andika cache_effective_user proxy, halafu chown -R proxy:proxy /usr/local/squid/var. Kama umeweka cache_dir (folda la kuhifadhia kache) piga squid -z itengeneze mafolda yake, kisha squid -k parse ikague konfigi, na mara ya kwanza iwashe kwa squid -N -d1 ibaki mbele yako kwenye teminali uone inachosema. Andika njia nzima ya programu kila mara, maana kama ile Squid ya apt (iliyowekwa kama pakeji ya Debian) bado ipo unaweza kuwa unawasha ya zamani, tena hiyohiyo ndo imeshikilia poti 3128 ya Squid, ss -ltnp itakwambia.

Sasa kabla hujafanya yote hayo, jiulize kama kweli unahitaji soso. Debian kuanzia 11 ina pakeji inaitwa squid-openssl ambayo tayari imejengwa na hiyo OpenSSL, na kama ulikimbilia soso kwa ajili ya ssl_bump peke yake mi ningeweka hiyo nikaendelea na shughuli zingine. Ya apt ikitokea tundu la usalama unapata marekebisho kwa apt upgrade, hii uliyojenga mwenyewe hakuna atakayekukumbusha, ni we ushushe toleo jipya ukompaili tena kwenye hiyo giga 1 yako. Soso inalipa pale unapotaka toleo ambalo Debian haijalifikia au una patchi yako.

Na tafadhali, ikishawaka ukiona kompyuta nyingine inakataliwa, usiandike http_access allow all. Ongeza IP za mtandao wako kwenye acl localnet (orodha ya mitandao ya ndani kwenye squid.conf), na http_access deny all ibaki chini kabisa kama ilivyo. Proksi iliyo wazi kwenye intaneti huwa inagunduliwa haraka na wasiohusika, na uchafu wao wote utasomeka umetoka kwenye IP yako.