Kila Mshale Uwe na Kitendo: Kwa Wanaoanza Kuchora Homa ya Bonde la Ufa

Wadogo zangu, nimepitia tena mabango ya homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo unaowapata pia watu, yaliyochorwa na wageni wa kazi hii, na kosa ni lile lile: kirusi kikubwa chenye miiba katikati, kikizungukwa na ng'ombe, mbu na mtu, wote wameunganishwa kwa mishale inayofanana.

1. Anzeni na mvua. Mayai ya mbu wa jamii ya Aedes hukaa miaka kadhaa katika udongo mkavu wa mabondeni, mengine yakiwa tayari na virusi, nayo huanguliwa mafuriko yanapofika. Mifugo ikishaambukizwa, mbu wa jamii ya Culex huusambaza ugonjwa zaidi. Ndiyo maana milipuko ya 1997–98 na 2006–07, iliyoikumba Garissa nchini Kenya, ilifuata mvua kubwa za El Niño. Dimbwi la maji si pambo la kujazia nafasi nyuma ya ng'ombe.

2. Kila mshale uonyeshe kitendo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mshale mtupu kutoka kwa ng'ombe hadi kwa mtu humwambia mfugaji kwamba mnyama anayemlisha ni adui yake. Nilimwona mzee mmoja akilitazama bango la namna hiyo kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kijana aliyelichora, "Sasa mwanangu, niwauze wote?" Lilikuwa swali la haki kabisa, na kijana hakuwa na jibu. Lau pangechorwa mikono mitupu inayomzalisha kondoo anayetupa mimba, kisu cha kuchinjia chenye damu na kibuyu cha maziwa yasiyochemshwa, mzee angeona mambo matatu anayoweza kuyabadilisha bila kuuza hata mbuzi. Kondoo wengi wanaotupa mimba kwa pamoja wachoreni wakubwa, kwa sababu mara nyingi dalili hiyo huonekana kabla watu hawajaanza kuugua.

3. Msinakili mabango ya Ebola. Maambukizi ya homa hii kutoka mtu hadi mtu hayajathibitishwa, na mshale kati ya watu wawili huwatisha jamaa wasimuuguze mgonjwa wao.

4. Nyekundu ibaki kwa damu peke yake.

5. Mnapojaribu mchoro msiulize, "Mmeelewa?" kwani kwa heshima mtajibiwa, "Ndiyo." Mwombeni mfugaji asimulie anachokiona huku akifuatisha kwa kidole, nanyi mnyamaze. Fanyeni hivyo kabla ya mvua za vuli, kwa maana bango linalofika baada ya mafuriko huwakuta watu wamekwisha kuchinja wanyama wagonjwa.