Pole kwa aliyefiwa na mbwa wake wa safari: yaliyonipata mimi huku Mbeya

Pole sana mkuu. Umeandika kwamba mbwa wako jike, uliyekuwa ukipanda naye jiwe la Gangilonga huko Iringa alfajiri na kuteremka naye hadi Mto Ruaha Mdogo, amekufa kwa homa ya kupe ndani ya siku chache. Unajilaumu kwamba hukuiona mapema, nyumbani wanakushangaa unavyolia, na viatu vyako vya kutembelea umevifungia kabatini kwa sababu ukiviona tu machozi yanakutoka. Umeuliza kama kuna mtu humu aliyepita hapo. Nimepita, na nitakujibu kwa kirefu, maana wakati wangu nilitamani sana mtu anijibu hivyo.

Nianze na hiyo homa, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi. Vijidudu vinavyoletwa na kupe vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Damu inapungua, fizi zinapauka, mkojo unageuka kahawia iliyokoza. Mbwa aliyezoea kutembea hakuonyeshi udhaifu wake. Leo anakufuata hadi juu ya jiwe, kesho hawezi kuinuka. Dawa zipo na wengi wanapona wakiwahiwa, lakini wapo wanaochomwa sindano wakafa vilevile kwa sababu damu imeshapungua mno. Wewe umesema ulipouona ule mkojo tu ulimbeba siku hiyohiyo ukampeleka kwa daktari wa mifugo. Ulifanya ambacho mwenye mbwa anatakiwa kufanya. Hilo naomba ulishike hata kama leo halikutulizi.

Wangu aliitwa Mtasema. Jina hilo alipewa na mama mmoja jirani wa Isyesye, ndiye aliyenipa akiwa bado mtoto. Mbwa wa kienyeji kabisa, rangi ya udongo, ncha ya mkia nyeupe. Alikula tunachokula, ugali wa dona na dagaa, na siku za neema utumbo kutoka buchani. Chanjo ya kichaa alichomwa kila mwaka, dawa ya kupe aliogeshwa, na Jumamosi alikuwa anajua ni Jumamosi kabla yangu. Nikishika begi tu, yeye yuko getini.

Wenyeji wa Mbeya mnaujua ukungu wa Loleza. Unatoka mjini jua linawaka, ukishapita mikaratusi wingu linashuka na mbele huoni kitu. Mlima wenyewe una mita 2,656, wengi wanauona wa kawaida tu kwa sababu uko juu ya vichwa vyao kila siku. Lakini vijia vya wakata kuni vinaingiliana, na ukishika kisicho chako unaweza kujikuta kwenye ukingo wa korongo. Mtasema alikuwa anatangulia hatua chache, anasimama, anageuka kunitazama. Nikichelewa, anarudi kunichukua. Mara nyingi nimeshuka mlima ule ndani ya wingu nikiwa sioni chochote isipokuwa ile ncha nyeupe ya mkia. Nilimwamini kuliko simu, na hakuwahi kunipoteza.

Kwenye kilele cha Mbeya, kile kinachopita mita 2,800, tulilala hemani mwezi wa saba. Baridi ya mwezi wa saba huko juu hata mtu wa Makete anaiheshimu. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya turubai. Yeye alilala juu ya miguu yangu usiku kucha, nami nikaamka miguu ina moto. Safari nyingine tulipokuwa tunateremka upande wa Usangu, alisimama ghafla katikati ya njia akagoma kuendelea, manyoya ya mgongoni yamesimama. Nikamwambia twende. Akanguruma, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. Nilipochungulia mbele yake nikaona kifutu amejikunja kwenye majani makavu, pale pale ambapo mguu wangu ungefuata. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbwa ni mbwa tu", simjibu, lakini namjua kwamba hajawahi kutembea na mbwa.

Mahali pamoja tu sikwenda naye: Kitulo. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na mbwa haruhusiwi kuingia, na sikulinung'unikia hilo. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa uliwaingia simba wa Serengeti, ukaua karibu theluthi moja yao, simba wapatao elfu moja. Anayempenda mbwa na kulipenda pori kwa pamoja lazima alielewe hilo. Hivyo misimu ya maua nilikuwa napanda gari la kupitia Isyonje peke yangu, Mtasema anabaki nyumbani amenuna. Shika hapo kwenye Kitulo, nitarudi.

Alikufa mzee. Miguu ya nyuma ilianza kumsaliti, halafu meno, halafu macho yakaingia ukungu. Mwaka wake wa mwisho Loleza tuliishia kwenye mikaratusi, tunakaa, tunagawana andazi, tunarudi. Alikufa Januari, mvua inanyesha, amelala barazani. Nilimzika chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, mbali na kisima, shimo la kunifika kiunoni, nimemfunga kwa shuka alilokuwa analalia, na mawe juu ili mbwa wengine wasifukue. Kwa wengine mnaosoma: msimfunge kwa sandarusi, haiozi. Na mbwa aliyekufa akiwa na dalili za kichaa usimguse kabisa, mwite mtu wa mifugo.

Sasa hilo la nyumbani kwako. Kwetu mtu akifa linafungwa turubai, watu wanakuja, wanakaa nawe chini, wanauliza ilikuwaje. Unasimulia. Anakuja mwingine, unasimulia tena. Mpaka siku ya kuanua matanga umeshasimulia mara nyingi sana, na kusimulia huko kumekufanyia kazi ambayo wewe mwenyewe hukuiona. Mbwa akifa, hakuna anayekuja. Kaka yangu alinipigia akasema, "Tafuta mwingine, si wamejaa mtaani?" Hakuwa na ubaya, ndivyo alivyolelewa, na ndugu zako nao ndivyo walivyolelewa. Usigombane nao. Ila usikubali kwamba machozi yako ni ya aibu.

Umesema pia shangazi yako amekuambia kumlilia mbwa ni kinyume cha dini. Mimi ni Mkatoliki. Kwenye Biblia yetu kuna kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anasafiri safari ndefu na malaika Rafaeli, na kitabu hakikuona shida kutaja kwamba mbwa alifuatana nao, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Rafiki yangu mmoja wa Mwanjelwa, Mwislamu, mtu wa msikitini hasa, alikuja kunipa pole jioni ile akanikumbusha Sura ya Kahf, wale vijana waliolala pangoni miaka mingi na mbwa wao amenyoosha miguu ya mbele pale mlangoni. Akaniambia, mbwa yule ametajwa ndani ya Kitabu pamoja na watu wema kwa sababu alikuwa nao njiani. Yeye kwake hafugi mbwa na wangu hakuwahi kumgusa, lakini alikaa nami barazani hadi giza likaingia. Sijamsahau kwa hilo.

Turudi Kitulo. Mwezi uliofuata nilikwenda kule, maua yamejaa bonde zima, nikatembea kutwa. Sikulia. Nililala vizuri usiku huo. Nikasema basi, yamekwisha. Jumamosi iliyofuata nikaenda Loleza. Kwenye kona ya kwanza tu, pale alipokuwa anasimama kunisubiri, magoti yaliniisha nguvu. Nikakaa kwenye nyasi zilizolowa nikalia kwa sauti, mtu mzima, watu wanapita na mizigo ya kuni.

Pale ndipo nilipoelewa, na ndilo hasa ninalotaka kukwambia. Huzuni ya mbwa uliyekuwa unatembea naye inakaa kwenye njia mlizopita. Kitulo sikulia kwa sababu hakuwahi kukanyaga Kitulo, hakukuwa na kona wala jiwe lake. Nyumbani nilikuwa nakumbuka tu. Loleza mwili wangu ulikuwa bado unamsubiri: mkono unashuka kumgusa kichwa, mdomo unaanza kupiga mluzi, andazi unalikata vipande viwili. Hayo hayaondoki kwa kukaa ndani. Unaweza kufungia viatu mwaka mzima, siku ukivivaa utavikuta vinakusubiri na huzuni ileile.

Na kwenye njia ndiko waliko waombolezaji wako. Hilo sikulitegemea kabisa. Nikiwa nimekaa pale, mama mmoja aliyekuwa anashuka na kikapu cha viazi alisimama akaniuliza, "Mwenzio yuko wapi leo?" Nikamwambia. Akatua kikapu chini, akashika kiuno, akasema pole baba, yule alikuwa mtu wa watu. Tukazungumza. Juu zaidi nikawakuta vijana wabeba mbao, nao wakauliza, nikasimulia tena. Kisha mzee mmoja wa Kisafwa mwenye kibanda karibu na mwisho wa mashamba. Alivua kofia. Akaniambia jambo nisilolijua miaka yote ile: kwamba kila Jumamosi mimi nikiwa bado napumua huko chini, Mtasema alikuwa anakimbia mbele hadi kibandani kwake, anapewa kiazi cha kuchemsha, anakimaliza, ndipo anarudi kunisubiri kwenye kona. Nilikuwa nadhani anakagua njia. Kumbe alikuwa na mwenyeji wake. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na yule mzee akacheka, akanipa na mimi kiazi.

Yale ndiyo yalikuwa matanga yake. Wiki kadhaa nilipita njia zetu zote moja moja, na kila njia ilikuwa na mtu wa kuniuliza. Upande wa Kawetire, kule Uyole sokoni alikokuwa anapitia chini ya meza za wauza mboga, hata njia ya kwenda Tukuyu, ambako bibi mmoja wa Kinyakyusa alinishika mikono yote miwili akarudia tu kunipa pole kwa lugha yake, "Ndaga, ndaga fijo." Kila nilipomtaja mbele ya mtu aliyemjua, kifua kilipungua uzito kidogo. Haikuwa haraka. Kona ile ya kwanza ilinichukua muda mrefu kuliko zote, na mpaka leo nikifika pale napunguza mwendo.

Kwa hiyo toa viatu kabatini, mkuu, lakini usianze na Gangilonga. Anza na njia mliyokuwa mnapita mara chache, ndefu kiasi, asubuhi, na usiende na mtu anayetaka kukuchangamsha. Nenda na anayejua kunyamaza, au nenda peke yako kama ni njia yenye watu. Ukifika mahali alipokuwa akisimama, simama. Wakikuuliza yuko wapi, usiseme "nimemwacha nyumbani". Sema amekufa, na sema ilikuwaje. Gangilonga iache ya mwisho. Na umesema una mtoto mdogo aliyemzoea. Mwambie naye amekufa. Ukimwambia ameenda shamba atakuuliza kila wiki anarudi lini, na itabidi umzike tena kila wiki.

Kuhusu mbwa mwingine: mtu ataleta mtoto wa mbwa kwenye boksi wiki hii au ijayo, ndivyo watu wanavyotoa pole ya mbwa. Una haki ya kusema bado. Mimi nilisema bado, tena kwa mtu niliyemheshimu, na alinielewa. Nilipokuwa tayari nilijijua kwa dalili moja: nilianza kutaka kuona mbwa mwingine atafanya nini akifika kwenye mto, badala ya kutaka afanye alichokuwa anafanya Mtasema. Huyu niliye naye sasa ni jike, mweusi, mwoga wa maji, hatangulii hata kidogo, anatembea kisiginoni kwangu. Ukimchukua mdogo, mpe chanjo zake za awali kuanzia wiki ya sita hadi ya nane na zirudiwe kama daktari atakavyokupangia, ya kichaa akifikisha miezi mitatu, na mlima mrefu usubiri mpaka apite mwaka, mifupa yake ikomae. Na kupe, mkuu, kwa sababu ya yaliyokupata: mkague kila mnaporudi, ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole.

Ukija Mbeya niandikie. Jumamosi tunatoka Isyesye kabla jua halijachomoza, tunapanda taratibu, na yule mzee wa kibandani bado yupo. Nitamwambia unakuja, na ungependa kumsimulia habari za mbwa wako.