Daftari kando ya kitanda

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mawazo ya duka na ada za watoto hunizonga hadi usiku wa manane. Nimeshauriwa kuandika shajara kwa mkono, nianzeje?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Weka daftari la kawaida na kalamu kando ya kitanda, na kila usiku uandike kwa dakika tano yanayokusubiri kesho, ukiyataja waziwazi: si “mambo ya duka”, bali “kumlipa mwenye unga, kuhesabu sabuni zilizobaki”. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kuwa walioandika kazi zilizo mbele yao walipata usingizi mapema kuliko walioandika zilizokwisha. Hati mbaya isikutie haya, kwani hakuna atakayeisahihisha. Simu, nakusihi, ibaki sebuleni.