Dawa ya puani: inanyonya, inanyonywa au inafyonzwa?

SWALI: Natafsiri makala ya famasia kuhusu polima asilia (molekuli ndefu zilizoundwa kwa vipande vingi vidogo vinavyojirudia), kama kitosani, zinazosaidia dawa ya puani iingie mwilini. Nimeandika: "Polima hufanya dawa inyonye vizuri kwenye kamasi." Mwenzangu anasema sentensi nzima ina kasoro. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, na kasoro kubwa imo kwenye kitenzi. Anayenyonya ni mtoto. Kinachonyonywa ni ziwa. Ukiandika "dawa inyonye" umeifanya dawa kuwa mtenda, ilhali hapa ni mtendwa: utando wa ndani ya pua ndio unaoivuta hadi ikaingia kwenye damu. "Inyonywe" ingekuwa afadhali, lakini nyonya humletea msomaji picha ya mdomo, tena limebeba maana ya kula jasho la mwingine. Baiolojia imeshazoea fyonza: mizizi hufyonza maji, utumbo mwembamba hufyonza chakula kilichomeng'enywa. Basi andika "dawa hufyonzwa", na nomino iwe "ufyonzwaji wa dawa". Nalipendelea kuliko ufyonzaji, kwa kuwa ile w inatukumbusha kwamba dawa haifyonzi kitu. Angalia tu kidole kisiteleze ukaandika fyonya, maana huko ni kutoa sauti ya dharau kwa midomo. Sharabu nalo ni neno zuri, ila mimi huliachia kitambaa na sponji.

Kasoro ya pili ni "kwenye kamasi". (Neno kamasi lenyewe usiliogope, ute uko mahali pengi mwilini, kamasi ni la pua.) Kamasi halifyonzi dawa, bali huiondoa. Vijinywele vidogo mno vya ndani ya pua hulisukuma kuelekea kooni bila kukoma, na dawa ya majimaji huanza kupungua puani katika dakika chache tu. Hapo ndipo inapofaa kitosani, inayotengenezwa kutokana na magamba ya kamba na kaa. Ina chaji chanya, kamasi lina chaji hasi, kwa hiyo hunata. Tena hulegeza kwa muda viungio baina ya seli, dawa ikapata upenyo.

Nasisitiza hunata, si huganda. Kuganda utakuhitaji ukifika kwa gelani, polima nyingine, ambayo huingia puani ikiwa majimaji, ikikutana na chumvichumvi za humo ikageuka jeli. Hizo ni kazi mbili tofauti, na kitenzi kimoja kikitumika kwa zote mbili msomaji hataona kwa nini mtaalamu achague hii aache ile.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Kitosani hunata kwenye kamasi na kuikawiza dawa puani, ikafyonzwa kwa wingi zaidi na utando wa pua."