Goti limetengenezwa ligamenti, sasa linakwama: ulizia meniski

Wenzangu mliofanyiwa upasuaji wa ligamenti ya ACL, ule utepe imara wa katikati ya goti unaolizuia lisiyumbe, goti likianza kuuma tena hofu ya kwanza huwa ile ile: ligamenti mpya imekatika. Huenda siyo. Kama goti haliyumbi unapogeuka, lakini linauma pembeni, linavimba baada ya mizunguko ya siku, au linakwama na kukataa kunyooka, mwambie daktari aiangalie meniski.

Meniski ni vipande viwili vya gegedu ndani ya goti, kimoja upande wa ndani na kingine upande wa nje. Vinakaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi, vikipokea uzito wa mwili. Mara nyingi ligamenti ikikatika navyo huchanika. Hata visipochanika siku hiyo, goti linaloyumba kwa miezi, mtu akisubiri kipimo cha picha cha MRI au akitafuta pesa ya upasuaji, huendelea kuvisaga.

Mimi niliumia kwenye mechi ya mchangani hapa Dodoma. Upasuaji ulikwenda vizuri, mazoezi ya fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, yakakolea, hadi asubuhi moja nilipochuchumaa chooni nyumbani Nkuhungu. Goti likalia "ko!", likagoma kunyooka. Nilijishikilia ukutani jasho likinitoka hadi likaachia lenyewe, na kufikia jioni lilikuwa limejaa. Mama jirani akaja na mafuta: "Mwanangu, lete nilichue." Nikamwambia, "Asante mama, lakini hili liko ndani, mkono haufiki."

Kilichonisaidia ni ripoti ya upasuaji, na hapo ndipo naumia kwa niaba ya wengi. Ilikuwa imeandikwa kwamba meniski ilishonwa siku ile ile ya ligamenti. Wakati naruhusiwa kurudi nyumbani hakuna aliyenieleza hilo. Omba nakala yako kabla hujatoka wodini, uliza waziwazi: meniski ilishonwa, ilikatwa kipande, au iliachwa?

Jibu hilo ndilo linaloamua utakavyoishi. Sehemu ya pembezoni mwa meniski inapata damu, ndiyo maana ikishonwa inaweza kuunga. Ile ya katikati damu haifiki, huko kuunga ni kwa shida. Iliyoshonwa inataka subira: kwa kawaida goti halikunjwi kupita pembe ya nyuzi 90 katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo, na kuchuchumaa kabisa husubiri miezi. Iliyokatwa inakuruhusu kutembea mapema, lakini kipande kilichotolewa hakioti tena, na goti linakuwa rahisi kusagika uzeeni. Daktari akisema inashoneka, mimi ningekubali ishonwe, hata kama magongo yatanichelewesha.

Tena siyo kila kukwama ni meniski. Kovu linaweza kuota mbele ya ligamenti mpya likazuia goti kunyooka hadi mwisho. Na meniski iliyoshonwa inaweza kuonekana kwenye MRI kama imechanika wakati imeshaunga, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Daktari alishike goti, alikunje, alizungushe.

Nyumbani, adui mkubwa ni choo cha kuchuchumaa. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati kinatosha kabisa. Fulia ukiwa umekaa kwenye kiti, beseni likiwa juu ya meza au benchi. Ukiwa mtu wa kuswali, swali ukiwa umekaa, Mungu anajua. Bodaboda iache kwa sasa, maana kupanda kwake unazungukia mguu mmoja, chukua bajaji. Mazoezi ya msuli wa mbele wa paja usiyakatishe, ila ufuate kipimo cha fizio wako. Mpira usiuguse kabla ya miezi 9 tangu upasuaji, hata kama unajisikia mzima.

Goti likikwama lisiachie, usilivute kwa nguvu wala usiruhusu mtu alivute. Muone daktari wa mifupa haraka. Likiwa la moto ukiwa na homa, au kigimbi kikivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.